Pampu ya Mafuta ya Volkswagen Beetle: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wenye Beetle huyarudia kila gari linapokosa mafuta au linapoyapata kupita kiasi. Majibu yanahusu injini za 1200, 1300, 1500 na 1600 zinazopozwa kwa upepo, zenye kabureta moja ya Solex na pampu inayoendeshwa na injini yenyewe. Hizo ndizo Beetle nyingi za miaka ya 1960 na 1970 ambazo bado zinatembea barabarani kwetu. Utaona jambo moja linarudi mara kwa mara: pampu husingiziwa mno. Pima kwanza, ununue baadaye.

## Mambo ya msingi

1. Pampu iko wapi, na inafanyaje kazi?

Fungua boneti la nyuma, tafuta distribyuta. Pampu iko jirani yake, imefungwa juu ya bloku kwa nati mbili za spana namba 13. Hozi moja inaleta petroli kutoka kwenye tenki lililo mbele ya gari, nyingine inaipeleka kwenye kabureta.

Ndani kuna diaframu, kipande chembamba cha kitambaa chenye mpira, kilichobanwa kati ya nusu mbili za pampu. Shafti inayozungusha distribyuta ina kamu ndogo. Kamu hiyo inanyanyua pushirodi (kijiti cha chuma kilichosimama chini ya pampu), pushirodi inasukuma wenzo wa pampu, na wenzo unaivuta diaframu ili inyonye petroli. Kamu ikishapita, springi ndiyo inayoirudisha diaframu na kuisukuma petroli kwenda kwenye kabureta. Vali mbili ndogo zinazuia mafuta yasirudi yalikotoka. Kabureta ikijaa, sindano yake inafunga njia, springi inabaki imebanwa na wenzo unacheza bure mpaka mafuta yahitajike tena.

Kutokana na mpangilio huo, presha ya pampu inatokana na springi na jinsi pushirodi inavyoibana. Ndiyo maana pushirodi, flanji nyeusi ya plastiki iliyo chini ya pampu na gasketi zake vyote vihesabiwe kuwa ni sehemu ya pampu. Fundi anayebadilisha pampu bila kuvigusa hivyo amefanya nusu ya kazi.

2. Nimeambiwa kuna pampu ya jenereta na pampu ya altaneta. Tofauti ni nini?

Beetle zenye jenereta zina pampu iliyosimama wima na pushirodi ya milimita 108. Zile zilizokuja na altaneta, kuanzia takriban 1973, zina pampu iliyolala kidogo ili isigongane na altaneta, na pushirodi yake ni fupi, milimita 100.

Tatizo ni kwamba injini hizi zimepita mikono mingi. Kuna magari ya 1968 yaliyowekewa altaneta, na magari ya 1975 yenye bloku iliyotolewa kwenye gari jingine kabisa. Usiamini mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari. Toa pushirodi uipime kwa rula. Kuchanganya pampu ya aina moja na pushirodi ya aina nyingine ni chanzo kikubwa cha pampu mpya kufa mapema (tazama swali la 12).

3. Presha sahihi ni kiasi gani?

Kwa kabureta ya 34 PICT-3 iliyo kwenye injini nyingi za 1600, kiwanda kinaruhusu kati ya psi 3 na 5 (psi ni kipimo cha presha), na pampu itoe takriban mililita 400 kwa dakika kwenye raundi za juu. Injini za 1200 za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilitengenezwa kwa presha ndogo zaidi. Kwa maoni yangu, injini ya 1600 iliyo kwenye psi 3 hivi imetulia. Ikikaribia 5 na sindano ya kabureta imechakaa kidogo tu, utaanza kunusa petroli.

Geji ya kupimia presha hizi ndogo ni ile ya kipimo cha chini, inayoishia psi 10 au 15. Ya kupimia matairi au injini za injekta haitakuonyesha kitu cha maana.

## Gari haliwaki, linamisi au linazima

4. Nitajuaje kama tatizo ni pampu na si kitu kingine?

Anza na jambo lisilohitaji spana. Toa kifuniko cha filta ya hewa, chungulia kwenye koo la kabureta, kisha vuta waya wa mafuta kwa mkono injini ikiwa imezimwa. Ukiona mchirizi wa petroli ukirushwa ndani, bakuli la kabureta lina mafuta. Basi kama gari haliwaki, hangaika na plagi, koili na platini kabla ya kugusa pampu. Usipoona kitu, bakuli ni kavu, na hapo ndipo safari ya kutafuta mafuta inapoanza.

Hatua inayofuata: chomoa waya mwembamba wa koili wenye namba 15 ili plagi zisitoe cheche. Vua hozi kwenye kabureta, iingize ndani ya chupa, mwenzako apige stata. Petroli itoke kwa mapigo yenye nguvu, pigo moja kwa kila mizunguko miwili ya injini. Mapigo dhaifu yenye povu maana yake pampu inanyonya hewa mahali fulani. Ikitoka safi na kwa nguvu, iache pampu na ukague sindano ya kabureta, huenda imeganda.

Kazi hii ifanyike mahali pa wazi, bila sigara, bila simu kulia mkononi mwa anayeshika chupa.

5. Pampu haitoi kitu kabisa. Nianzie wapi?

Anzia kwenye tenki. Najua linaonekana jambo la kumdharau mtu, lakini geji za mafuta za magari haya hudanganya, na Beetle za kabla ya mwaka 1962 hazikuwa na geji kabisa. Zina koki ya akiba ambayo huenda mtu wa mwisho aliiacha upande usiotakiwa. Chovya kijiti kikavu ndani ya tenki uone.

Kisha vua hozi inayoingia kwenye pampu. Tenki likiwa na mafuta ya kutosha, petroli itaanza kutiririka yenyewe kwa kuwa tenki liko juu kidogo, kwa hiyo uwe na kizibo tayari. Isipotiririka, puliza kwa mdomo kupitia kipande cha hozi safi huku mtu mwingine akisikiliza kwenye tenki. Akisikia mapovu, njia iko wazi. Kukiwa kimya, kuna kizuizi: chujio la ndani ya tenki, hozi ya karibu na gia boksi iliyojikunja, au bomba la chuma linalopita ndani ya sakafu katikati ya gari. Bomba hilo likiwa na kutu pia hupitisha hewa, na dalili yake ni harufu ya petroli ndani ya gari hata ukiwa umefunga madirisha.

Njia ikiwa safi, kagua kichujio cha pampu yenyewe. Pampu nyingine zina kifuniko cha juu chenye skrubu moja, nyingine zina bolti ya pembe sita ubavuni na nyavu ndogo ndani yake. Nimeona nyavu iliyoziba kwa kutu mpaka ikawa kama sarafu ya shaba. Ioshe kwa petroli na brashi laini, rudisha na gasketi nzima.

Vyote hivyo vikiwa sawa, ndipo ufungue pampu na kutazama kama pushirodi inapanda na kushuka injini ikizungushwa kwa mkono. Kama gari lina cheche kwa wakati wake, shafti ya distribyuta inazunguka, na kamu nayo inazunguka. Kinachobaki ni pushirodi iliyoisha, wenzo uliovunjika au diaframu iliyopasuka.

6. Gari likilala siku mbili tatu, napiga stata mpaka betri inachoka ndipo linawaka. Je, pampu imechoka?

Si lazima. Petroli ya siku hizi hukauka upesi, na bakuli la kabureta ya Solex ni dogo. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa linaweza kukauka ndani ya siku chache bila kosa la mtu.

Tofautisha hivi: asubuhi gari likiwa limelala, vua hozi ya kabureta na upige stata kama nilivyoeleza kwenye swali la 4. Petroli ikifika baada ya mizunguko michache, pampu imeshikilia mafuta yake na ni kabureta tu iliyokauka. Ikichukua muda mrefu, vali za pampu zinavuja na mafuta yamerudi tenkini, au hozi ya upande wa kunyonya inaingiza hewa. Badilisha hozi kwanza. Ni rahisi kuliko pampu, na mara nyingi ndiyo yenye kosa.

7. Linakwenda vizuri, baada ya kilomita kadhaa linazima. Nikipumzika nusu saa linawaka kama hakuna kilichotokea.

Sababu ziko tatu, na zote hujificha gari likipoa. Kwa hiyo ukaguzi ufanyike palepale linapozima.

Kwanza fungua kifuniko cha tenki. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu na gari likawaka mara moja, tundu la kupumulia la tenki limeziba. Tenki likikosa hewa, pampu inanyonya mpaka inashindwa. Kuna tenki zilizobonyea kwa ajili hiyo. Safisha tundu au kipira chake na tatizo limekwisha.

Pili, tazama cheche. Koili iliyochoka hufa ikipata moto na kufufuka ikipoa, na dalili zake zinafanana kabisa na za pampu. Ukikosa cheche wakati kabureta ina mafuta, achana na pampu.

Tatu, mafuta kugeuka mvuke. Petroli ikichemka ndani ya hozi au pampu, pampu inabaki inapiga mvuke na haisukumi kitu. Mwagia pampu maji kidogo au ifunike kwa kitambaa kibichi. Ikirudi kufanya kazi baada ya dakika mbili tatu, umepata jibu. Tiba ya kudumu iko kwenye swali linalofuata.

8. Kwa nini linakata mafuta likipanda mlima, hasa mchana?

Mlimani injini inafanya kazi kubwa kwa mwendo mdogo, upepo wa kuipoza ni mchache, na kadiri unavyopanda juu ndivyo petroli inavyochemka kwa joto dogo zaidi. Anayetoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, au anayepanda Kitonga kwenda Iringa akiwa nyuma ya malori, anakutana na mambo hayo matatu kwa pamoja.

Lakini Beetle iliyokamilika hupanda milima hiyo bila shida. Ukiona inashindwa, tafuta mabati yanayozunguka injini na mpira unaoziba mwanya kati ya mabati hayo na bodi. Kazi yake ni kuzuia hewa ya moto iliyo chini isirudi juu kwenye chumba cha injini. Mafundi wengi huyatoa wakati wa kushusha injini na hawayarudishi, wakidhani ni mapambo. Bila mabati na mpira huo, feni inanyonya hewa iliyokwisha kupata moto, na pampu inaoka. Rudisha kila bati, ziba kila tundu, na utaona tofauti siku hiyohiyo.

Flanji ya plastiki chini ya pampu nayo inazuia joto la bloku. Kama kuna mtu alitengeneza ya alumini kwa sababu ya plastiki ilivunjika, itoe.

Gari likikosa nguvu kileleni lakini halizimi, huo si ugonjwa wa pampu. Kabureta iliyosetiwa kwa hewa ya pwani itapata petroli nyingi mno kwenye mwinuko wa Nairobi, ambao ni karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari.

## Mafuta yakizidi au yakivuja

9. Petroli inamwagika kwenye kabureta. Ni pampu au sindano?

Pima presha kwa geji kati ya pampu na kabureta. Ikiwa ndani ya kipimo cha swali la 3, badilisha sindano na kagua boya kama limeingia mafuta. Litikise karibu na sikio, utasikia. Presha ikizidi, ongeza gasketi moja chini ya pampu na upime tena. Kila gasketi inapunguza mwendo wa wenzo na presha inashuka. Pampu mpya nyingi zinazouzwa sasa zina springi ngumu, kwa hiyo kuifunga bila kupima, hata kama boksi lake limeandikwa jina la gari lako, ni kubahatisha.

10. Oili inanuka petroli, na kipimo kimepanda. Niendelee kuendesha?

Hapana. Usiwashe injini hata kwenda gereji ya jirani. Petroli imeingia kwenye oili, oili imekuwa nyepesi, na beringi za kranki zinasagana chuma kwa chuma. Zaidi ya hapo, mvuke wa petroli ndani ya bloku unaweza kulipuka.

Chanzo cha kwanza ni diaframu iliyopasuka: petroli inashuka kupitia chini ya pampu hadi kwenye oili. Cha pili ni sindano ya kabureta isiyofunga, hasa gari likiegeshwa kwenye mteremko mbele ikiwa juu. Petroli inashuka yenyewe kupitia kabureta hadi kwenye silinda na kupenya kwenye ringi. Ili kujua, fungua pampu na hozi zake zikiwa bado zimeunganishwa, ishike juu ya chombo safi, sukuma wenzo kwa kidole gumba mara kadhaa. Petroli ikichuruzika upande wa chini, diaframu imekwisha.

Ukisharekebisha, mwaga oili yote, osha chujio la chini na weka lita 2.5 mpya. Baada ya safari fupi ya kwanza nusa tena kijiti cha oili.

11. Kuna oili, si petroli, inayovuja chini ya pampu.

Gasketi zimechoka, au flanji ya plastiki imepata ufa. Ufa huo hausababishwi na uzee peke yake. Mara nyingi mtu alikaza nati kwa nguvu za kufunga gurudumu. Usiweke silikoni. Vipande vyake vinavyobanwa na kutoka pembeni huangukia ndani ya injini.

## Kufungua, kupima na kufunga

12. Nimebadilisha pampu zaidi ya moja na zote zinakufa. Kwa nini?

Karibu kila mara jibu ni pushirodi, na hili ndilo swali ambalo ningependa kila mwenye Beetle alisome kabla ya mengine yote.

Toa pampu, acha flanji na gasketi zake mahali pake. Zungusha injini kwa mkono kwa kutumia puli mpaka pushirodi ifike juu kabisa. Pima kutoka usawa wa flanji pamoja na gasketi hadi ncha ya pushirodi. Isizidi milimita 13. Ikizidi, wenzo unasukumwa kupita uwezo wake: diaframu inavutwa mpaka inachanika, pini ya wenzo inalegea, na wakati mwingine wenzo unakatika. Ikiwa chini sana, pampu inapiga kidogo tu, gari linakwenda vizuri mjini na kukosa mafuta ukikanyaga kwenye barabara kuu.

Milimita zikizidi, ongeza gasketi. Zikipungua, punguza gasketi au badilisha pushirodi iliyolika. Pushirodi iliyochakaa utaijua kwa ncha yake: badala ya kuwa laini yenye mng'ao, inakuwa bapa au ina kijishimo. Milimita moja iliyolika inatosha kuleta tofauti. Kama si 108 au 100 kulingana na pampu uliyo nayo, hapo umepata mchawi.

Nimewahi kukuta pushirodi iliyokatwa kwa msumeno ili kuifanya ifae pampu ya aina nyingine. Chuma chake kimegumishwa kwenye ncha tu. Ukikata, unaacha chuma laini kwenye msuguano, na ndani ya muda mfupi kamu nayo inaanza kuliwa.

13. Hatua za kubadilisha pampu ni zipi?

Chomoa betri. Vua hozi ya kuingilia, izibe mara moja. Vua ya kutokea. Fungua nati mbili, nyanyua pampu. Weka alama kwenye pushirodi ukionyesha ncha iliyokuwa juu, kisha itoe, halafu flanji.

Wakati wa kurudisha, flanji inatangulia, pushirodi inafuata. Ukigeuza utaratibu huo pushirodi inaweza kuteleza na kuingia ndani ya bloku, na kuitoa huko ni kufungua injini. Safisha kabisa mabaki ya gasketi za zamani, weka mpya, pima kama ilivyo kwenye swali la 12. Jaza grisi ya kawaida sehemu ya chini ya pampu palipo na wenzo. Grisi hiyo ndiyo inayolainisha wenzo na ncha ya pushirodi katika siku za mwanzo, na wengi hawaiweki.

Zungusha injini ili pushirodi iwe chini, ndipo uweke pampu. Itakaa bila kusukumana nayo. Kaza nati kwa zamu, kiasi cha mkono wa spana fupi. Unganisha hozi, washa, na kaa unatazama kwa dakika kadhaa bila kufunga boneti.

14. Diaframu inaweza kubadilishwa peke yake?

Inategemea pampu. Zile zilizofungwa kwa skrubu sita juu hufunguka, na seti yake ya diaframu, vali na gasketi hupatikana kwa wauzaji wa spea za magari ya zamani. Zile za baadaye zilizobanwa kiwandani hazifunguki. Ukizifungua kwa bisibisi umeziua.

Kabla ya kufungua, chora mstari kwa msumari kwenye nusu zote mbili ili zirudi zilivyokuwa, la sivyo mirija itatazama upande mbaya. Wakati wa kufunga, sukuma wenzo ili diaframu ivutike kidogo, ndipo ukaze skrubu kwa mtindo wa msalaba. Ukiikaza ikiwa imelegea au imejikunja, itapasuka mapema. Kipande cha mpira wa tairi kilichokatwa kwa mkasi hakifai, hata kama fundi ataapa kwamba kinafaa. Petroli inaulainisha mpira huo.

Pampu ya zamani ya Kijerumani yenye bodi nzima naichagua kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka. Usiitupe.

## Hozi, filta na moto

15. Filta ya mafuta iwekwe wapi?

Si kati ya pampu na kabureta. Najua ndipo ilipo kwenye magari mengi, na inapendeza macho, lakini pale inaning'inia karibu na distribyuta yenye cheche. Uzito wake na mtikisiko huvuta hozi siku baada ya siku. Ikichomoka, petroli inamwagika juu ya moto. Beetle nyingi zilizoungua zimeungua hivi.

Iweke nje ya chumba cha injini, kwenye hozi iliyo karibu na gia boksi, au mbele chini ya tenki. Inafanya kazi ileile na pampu inapata mafuta yaliyochujwa.

16. Hozi gani inafaa?

Bomba za chuma na mirija ya pampu zina unene wa nje wa milimita 6, na hozi iwe na tundu la ndani la milimita 5 au 5.5. Hozi ya robo inchi inayouzwa kila duka la spea ni kubwa kidogo. Klipu ikikazwa inaonekana imeshika, kumbe imekunja mpira na kuacha njia ndogo ya hewa au petroli.

Itazame kwa kuikunja: ukiona nyufa ndogondogo, badilisha zote kwa pamoja, pamoja na ile fupi iliyo chini ya tenki ambayo husahaulika kwa miaka. Ukiwa Uingereza, ambako petroli ya kawaida imekuwa E10 (yenye ethanoli hadi asilimia 10) tangu mwaka 2021, chagua hozi inayostahimili ethanoli. Mpira wa zamani hulainika na kuoza kwa ndani.

Hakikisha pia kipira kinacholinda bomba la chuma pale linapopita kwenye bati la injini kipo. Bila hicho, bati linalikata bomba polepole kama msumeno.

17. Nimesikia mrija wa kabureta huchomoka wenyewe. Ni kweli?

Ni kweli. Mrija mdogo wa shaba nyeupe au njano unaopokea hozi kwenye kabureta umepigiliwa tu, hauna nyuzi. Miaka ikipita unalegea. Ushike kwa koleo, uzungushe kwa upole. Ukizunguka au ukitoka, mpe fundi mchonga vyuma atoboe nyuzi na kuweka mrija wa kukaza. Usiurudishe kwa nyundo na gundi. Mrija unaoingilia pampu nao ukaguliwe hivyohivyo.

18. Injini ikishika moto nifanye nini?

Zima swichi, toa watu, tumia mtungi wa poda kupitia mwanya mdogo wa boneti bila kulifungua lote, kwa sababu hewa itauongeza. Bloku ya Beetle ni aloi ya magnesiamu. Ikishaanza kuwaka yenyewe, maji yanauchochea moto. Mtungi ukae ndani ya kabini, mkono unapofika, maana kwenye buti la mbele utakuwa juu ya tenki.

## Hali za pekee

19. Niweke pampu ya umeme badala ya hii?

Kwa gari la kawaida sioni haja. Beetle zilizoshinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962 zilipita kwenye matope na vumbi la Afrika Mashariki, na gari hili lilitoka kiwandani na pampu ya kusukumwa na injini. Ikiwa imesetiwa vizuri, haikuangushi.

Pampu ya umeme ina faida kwa gari linalokaa muda mrefu bila kuwashwa, au bloku ambayo kamu yake ya pampu imeisha. Ukiamua, chagua ya presha ndogo, psi 2 hadi 4, uifunge mbele karibu na tenki na chini ya usawa wake. Ipitishie umeme kwenye fyuzi, rilei na swichi inayokata umeme injini ikizima, ili gari likipata ajali pampu isiendelee kumwaga petroli. Toa pushirodi na flanji, funga tundu kwa bati lake maalumu na gasketi. Na kabla ya kununua, angalia betri: Beetle nyingi za kabla ya mwaka 1967 ni za volti 6, na pampu ya volti 12 itakohoa tu.

20. Fundi anataka kunifungia pampu ya Vitz au Corolla. Nikubali?

Kataa. Pampu za injekta hutoa psi 35 na kuendelea. Sindano ya Solex haiwezi kuzuia hata sehemu ndogo ya presha hiyo; petroli itafurika kwenye silinda na juu ya injini. Kuweka kipunguza presha cha bei ndogo mbele yake hakuifanyi iwe salama. Kipunguza presha kikikwama siku moja, moto ni siku hiyohiyo.

21. Gari limekaa uani miaka mingi. Nijaribu kuliwasha kwa pampu iliyopo?

Usianze na pampu. Mwaga petroli ya zamani, shusha tenki, toa kutu na uoshe chujio lake. Badilisha hozi zote. Kisha fungua pampu na kuichungulia: diaframu iliyokauka kwa miaka huwa ngumu kama kadibodi na hupasuka katika dakika za kwanza za kazi, na petroli inaishia kwenye oili (swali la 10). Kwa mara ya kwanza washa injini kwa chupa ndogo ya petroli iliyounganishwa kwenye kabureta, huku pampu imetolewa na tundu limezibwa. Injini ikishajulikana kuwa nzima, ndipo ujenge upya njia ya mafuta.

22. Haya yote yanafaa kwa Kombi, Land Rover au Peugeot ya zamani?

Kombi yenye injini ya aina ya Beetle, ndiyo, pamoja na vipimo vyake. Kombi zilizokuja baadaye na injini kubwa ya Type 4 zina pampu nyingine mahali pengine, kwa hiyo milimita za hapa hazihusiki.

Land Rover za Series zenye injini ya petroli ya lita 2.25 hutumia pampu ya mafuta ya chapa ya AC inayoendeshwa moja kwa moja na kamshafti, bila pushirodi. Ina kikombe cha kioo unachoweza kuchungulia uchafu na maji, na kiwiko cha kupampu kwa mkono, jambo ambalo Beetle haina na ambalo ningefurahi kama ingekuwa nalo. Kwenye Peugeot nako diaframu hufanya kazi kwa njia ileile. Maswali ya 4 hadi 7 na 15 yanafaa kwa magari hayo yote. Vipimo vya presha na gasketi chukua kwenye kitabu cha gari husika.